Chumba cha kusomea Dodoma: nyeupe, krimu, kijivu, kijani au rangi ya udongo?

Kama una chumba cha ziada nyumbani, iwe Ilazo, Nzuguni, Kisasa au kule Iyumbu kwenye viwanja vipya, na unataka kiwe cha kusomea au cha kumalizia kazi za ofisi jioni, fundi rangi wa kwanza utakaemuita atakwambia bosi piga nyeupe yote tumalize, chumba kitakua na mwanga. Ushauri huo ungefaa kama mwanga ungekua shida yetu. Dodoma mwanga upo wa kumwaga, mvua inaanza Desemba hivi mpaka Aprili na wastani wake kwa mwaka mzima unacheza kwenye milimita 500 na 600, miezi mingine yote ni jua, upepo, na lile vumbi jekundu linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa. Kwa hiyo nalinganisha hizi rangi kwa maswali mawili tu: jua likiingia itakuaje, na vumbi likitua itakuaje. Ipi inapendeza zaidi hiyo nakuachia, kila mtu na macho yake, ila sitaficha mi nasimama wapi.

Dirisha linaangalia wapi

Hapa ndo ushauri wa mtandaoni unapotupoteza wengi. Ukitafuta rangi za chumba cha kusomea utaambiwa chumba kinachoangalia kaskazini kina giza na ubaridi, kipige rangi za joto. Walioandika hayo wako Uingereza au Marekani, kwao jua la saa sita linapita kusini. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini kwetu, na mwezi wa sita ndo linakua limeinama zaidi, karibu nyuzi 30 kutoka utosini. Yani kiangazi chote dirisha la kaskazini linapokea jua, na la kusini linabaki na mwanga mtulivu usiorukaruka. Kuanzia Oktoba jua linahamia kusini ila kipindi hicho liko karibu na utosi, paa likiwa limetoka nje kidogo tu linakukinga. Ushauri wao ugeuze kichwa chini miguu juu ndo utakufaa.

Chumba cha kusini basi kinabeba karibu rangi yoyote, kama ndo chako una bahati. Cha mashariki kinategemea unakaa mezani saa ngapi, kama we ni wa kuamka alfajiri usome kabla ya kwenda kazini jua litakukuta saa moja hivi, ila jioni kimeshapoa na ni kivuli kitupu. Cha magharibi ndo kesi. Mtumishi wa serikali anatoka Mtumba kwenye ofisi za wizara saa tisa na nusu, anafika nyumbani saa kumi na kitu, anakula, anakaa mezani, na hapo hapo ndo jua linaingia limenyooka usawa wa macho mpaka saa kumi na mbili na nusu, na ukuta wa pembeni ukiwa mweupe unakua taa ya pili ambayo huwezi kuizima.

Kingine wengi hawakiangalii ni uwanja wa nje. Kama bado hujaweka pevingi, jua linapiga udongo mwekundu halafu mwanga unarudi juu unaingia dirishani ukiwa na wekundu wekundu, ile nyeupe uliyoichagua dukani mjini inageuka ya pinki bila wewe kuelewa kwanini. Mvua za Januari zikishaotesha majani inabadilika tena. Ndo maana kabla ya kununua ndoo chukua kopo dogo, paka kipande cha kama nusu mita kwenye ukuta unaopata jua na kingine kwenye ukuta wa kivuli, kiangalie asubuhi, saa kumi jioni na usiku taa ikiwa inawaka. Ile chati ya vidole viwili ya dukani haikwambii kitu.

Nyeupe na krimu

Nyeupe ina faida zake, kila duka ipo, ni rahisi kurudishia sehemu iliyochafuka bila kuacha kiraka, na chumba kidogo kinaonekana kikubwa. Ila kwenye chati za makampuni makubwa ya rangi kuna namba inaandikwa LRV, inaonyesha rangi inarudisha mwanga kiasi gani, 0 ni nyeusi tii na 100 ni nyeupe pee ambayo haipo kwenye kopo lolote. Nyeupe za dukani nyingi ziko 85 na zaidi. Sasa viwango vya Ulaya vya mwanga wa sehemu za kazi, EN 12464-1, vinashauri dari irudishe asilimia 70 hadi 90 ya mwanga na kuta 50 hadi 80. Kwa hiyo nyeupe mahali pake ni darini, gipsamu yako ipige nyeupe bila kufikiria mara mbili, lakini ukutani inavuka kipimo hata kwa wenzetu ambao jua lao ni la kubahatisha, sembuse hapa.

Kwa vumbi ndo usiseme. Nyeupe inachora mstari mwekundu juu ya skatingi, ule ukingo wa chini ya ukuta, inachora vidole pembeni ya swichi, inachora mgongo wa kiti pale unapoegemea. Kama una watoto wanaoingia humo kufanya homuwaki hesabu wiki chache.

Krimu ni nyeupe iliyotiwa njano kidogo, LRV yake mara nyingi iko 70 mpaka 80, bado ina mwanga wa kutosha ila haikurushii machoni. Vumbi letu likitua juu yake linaonekana kama kivuli tu mpaka liwe jingi. Ubaya wake ni chumba cha magharibi, jioni krimu inawaka njano kiasi kwamba picha au ramani unayoiangalia mezani inabadilika rangi, kwa mtu anayefanya kazi za michoro au kuhariri picha hilo ni tatizo la kweli. Na krimu zinatofautiana sana, kuna yenye njano, kuna yenye wekundu na kuna yenye ukijani ndani yake, hizo za ukijani usiku kwenye taa nyeupe kali zinamfanya kila mtu aonekane anaumwa malaria. Kati ya hizi mbili, kwa kuta za Dodoma, mi krimu, ile yenye wekundu kwa mbali.

Kijivu, bluu na kijani

Kijivu ndo fasheni sasa hivi, nyumba nyingi mpya unakuta kijivu nje na ndani na madirisha ya alumini meusi, na kwenye picha inapendeza kwelikweli. Shida ni kwamba nyingi ya zile picha zimepigwa sehemu ambazo vumbi lao ni la kijivu. Letu ni la udongo, na udongo mwekundu juu ya kijivu hausomeki kama kivuli, unasomeka kama uchafu. Pia kijivu ni kigeugeu, ukiweka balbu nyeupe kali kinakua bluu, ukiweka ya njano kinakua kahawia, jua la jioni likiingia hujui hata ni rangi gani ulilipia. Kama moyo umeshakipenda basi kiweke chumba cha kusini na uchague kijivu chenye ukahawia ndani yake, mafundi wengine wanakiita rangi ya majivu, hicho kinaelewana na vumbi.

Bluu sina mengi. Watu wanasema bluu inafungua akili, na kweli 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Mehta na Zhu uliodai bluu inasaidia ubunifu na nyekundu inasaidia kazi za umakini, ila ilikua rangi ya skrini ya kompyuta sio ukuta, na 2014 mtafiti mwingine, Steele, alirudia sehemu ya jaribio lile akakosa matokeo yale. Kwa hiyo piga bluu kama unaipenda, usiipige ili mtoto afaulu hesabu.

Kijani nakipa nafasi kubwa zaidi, lakini kile kilichopauka, cha majani ya mkungugu wakati wa kiangazi, chenye ukijivu ndani yake. Wekundu wa jua linalorudi kutoka nje ukikutana na kijani unapoa, ukuta unabaki umetulia hata saa kumi jioni, ndo maana kwa chumba cha magharibi kijani hiki kinaishinda krimu. Kwa vumbi kiko katikati, linaonekana ila linaonekana kama ukungu wa kahawia, ukipitisha kitambaa limeondoka. Kijani cha mchicha au cha limao achana nacho, kinapaka uso wako kijani kwenye kamera na ndani ya mwezi umekichoka.

Rangi za udongo

Hizi ndo ningependa watu wa huku wazifikirie zaidi, na sio kwa sababu ya uzalendo. Wekundu wa udongo wetu unatokana na chuma kilichopata kutu, na ndo kitu hicho hicho kinachowekwa kwenye rangi za kahawia, za matofali na ile redi oksaidi ya kupakia mageti. Rangi zinazotokana na kutu ya chuma hazipaushwi na jua, wakati nyekundu na zambarau nyingi za kuchanganya kwa mashine zinachoka, unakuta nyuma ya fremu ya picha ukuta uko tofauti na pembeni. Ukitaka ushahidi nenda Kolo, Kondoa, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ile nyekundu imekaa pale vizazi na vizazi na bado unaona umbo la mnyama na la mtu. Na faida ya pili iko wazi, vumbi likitua juu ya ukuta wa rangi yake litaonekanaje? Tembe za Wagogo zilikua zimekandikwa udongo huo huo wa uwanjani, sijawahi kusikia mtu akilalamika tembe inaonyesha vumbi.

Ila kuna nzito na nyepesi na hapo ndo pa kuangalia. Ukipiga kuta zote nne rangi ya tofali kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 utakua umejifungia kwenye tanuru, mwanga unamezwa wote, mchana unawasha taa, na kwa macho chumba kinakua na joto kuliko kilivyo. Damu ya mzee ndo mbaya zaidi, ile inarudisha mwanga kidogo mno, chini ya 10 kwenye ile namba, iache kwenye makochi. Nyepesi ndo tamu, udongo uliochanganywa na nyeupe nyingi mpaka unakua kama mchanga wa makorongo yakikauka, LRV 55 hadi 65 hivi, hiyo inaingia vizuri kwenye kile kipimo cha kuta. Inafaa mashariki, inafaa kusini, kaskazini pia. Magharibi sikushauri ukuta unaotazamana na dirisha uwe huo, utawaka.

Kuta mbili zenye kazi tofauti

Watu wanachagua rangi ya chumba wakati kwenye chumba cha kusomea kuta zina kazi tofauti. Kuna ukuta unaouangalia wewe ukiwa umekaa, nyuma ya skrini, na kuna ukuta wanaouona wengine kwenye mkutano wa mtandaoni, nyuma ya mgongo wako.

Ukuta wa nyuma ya skrini usiwe mweupe na usiwe mweusi. Ukiwa mweupe mchana unashindana na skrini, ukiwa mweusi usiku skrini inabaki peke yake inawaka gizani na macho yanachoka haraka. Rangi ya kati inamaliza ugomvi, na usitundike chochote chenye kioo pale.

Ukuta wa mgongoni ni muhimu zaidi kwa sisi weusi na sijui kwanini haisemwi. Kamera ya laptopu inapima mwanga wa picha nzima, ikiona nyuma yako kuna ukuta mweupe mkubwa inadhani picha imezidi mwanga inapunguza, matokeo yake ukuta unaonekana vizuri na sura yako inakua kivuli chenye meno. Weka nyuma yako kijani kilichopauka au udongo wa kati, kamera inafunguka na uso unaonekana. Dirisha nyuma ya mgongo ndo baya kuliko ukuta mweupe, meza igeuze likae ubavuni.

Hapo sasa kuna mitindo miwili inashindana. Mmoja ni wa kisasa, ukuta mmoja wa rangi nzito na kuta tatu nyepesi. Mwingine ni ule wa zamani wa shule na zahanati za serikali, chini mpaka kama mita moja na kidogo rangi nzito ya kuoshwa, juu nyepesi, katikati mstari umenyooka. Najua watu wataguna, unaonekana kama darasa la tatu B. Lakini waliobuni ule walijua wanachofanya, uchafu wa vidole, viti, mabegi na vumbi lote uko mita ya chini, na juu panabaki mwanga. Kwa vumbi wa zamani unashinda bila ubishi, kwa kamera wa kisasa unashinda. Ukitaka vyote, chini piga udongo wa kati na juu krimu kwa kuta tatu, ukuta wa mgongoni udongo mpaka juu. Badilisha kile kibluu cha zahanati tu na hamna atakaekumbuka shule.

Mati, silki au mafuta

Rangi ya mafuta inaoshwa kwa nguvu zako zote na haidhuriki, ila inang'aa, taa na dirisha vinajirudia ukutani, harufu inakaa siku kadhaa, na ukuta mpya wa saruji unatakiwa ukauke kama mwezi kwanza la sivyo inatoka malengelenge. Kabla ya kununua angalia kopo limeandikwa halina madini ya risasi, hasa kama watoto watakua humo. Chumba cha kusomea mi mafuta naiweka kwenye mlango, fremu na ile mita ya chini basi.

Mati haing'ai, inaficha mabonde ya skimingi, ule ukandikaji laini wa mwisho juu ya plasta, iliyopigwa haraka haraka, kwa macho ndo bora kuliko zote. Tatizo ukisugua kwa kitambaa kibichi inaacha alama, na Dodoma kufuta kuta ni lazima. Silki iko katikati, inafutika, ina mng'ao kidogo, ila inaumbua skimingi mbaya, jua la jioni likipita kwa ubavu utaona kila mahali fundi alipochoka. Nachagua mati ukuta wa nyuma ya skrini na silki kwingine, na fundi wa skimingi usimuharakishe. Chokaa ni bei chee kweli lakini inakupaka shati kila ukiegemea.

Mapambo

Hapa kila unachoongeza ni kitu cha kufuta vumbi, anza na hilo. Zile wolpepa za sponji zenye umbo la matofali zinavutia na mpangaji anazipenda kwa sababu anabandika mwenyewe, ila vile vijimfereji vyote vinajaa vumbi jekundu, kwenye ukuta unaopigwa na jua la magharibi kona zinaanza kubanduka, siku ya kuhama zinatoka na rangi ya mwenye nyumba, na zikishika moto zinawaka haraka, usizisogeze karibu na soketi. Paneli za mistari mistari za plastiki ni nadhifu zaidi na zinadumu, shida ni ile ile ya mifereji, ukitaka weka kipande kimoja cha mgongoni na uwe na brashi laini. Mpangaji ningemwambia aongee na mwenye nyumba, wengi ukisema unapiga rangi kwa hela yako na ni krimu hawakatai.

Pazia zito linazuia jua na linakula mwangwi, na mwangwi ni kitu cha kweli, chumba chenye taili chini, gipsamu juu na kuta tupu kinafanya sauti yako mkutanoni isikike kama uko kwenye tenki la maji. Lakini pazia zito linahifadhi vumbi kilo na kilo. Blaindi za kukunja zinafutika ila mwangwi haziumalizi. Kwa dirisha la magharibi changanya, blaindi ya kushusha saa kumi na pazia jepesi la pamba la kufua kila mara, mwangwi uachie zulia dogo chini ya meza na shelfu ya vitabu. Mkeka ni mzuri na ni bei rahisi kuliko zulia, unautoa nje unaukung'uta umemaliza, ila kiti cha magurudumu kitaumaliza.

Ukutani tunavyo vitu vyetu vya kutosha. Zeze la Kigogo au kibuyu kilichochorwa kwenye ukuta wa krimu kinatosha chenyewe, kisipigwe na jua moja kwa moja kisije kikapasuka. Vikapu vya Iringa vya milulu vikipangwa vitatu vya ukubwa tofauti nyuma ya mgongo vinaonekana vizuri kwenye kamera, vumbi linaingia kwenye msuko lakini ukivigonga nje linatoka, na vinaelewana na rangi za udongo kuliko na kijivu. Picha za Tingatinga ni hadithi nyingine, tangu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe aanze Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 ni rangi za mafuta zinazong'aa, rangi kali, zinakula ukuta mzima, kwa hiyo weka moja kubwa kwenye ukuta mtulivu usiotazamana na dirisha. Kitenge kwenye fremu bila kioo ni njia rahisi kuliko zote na ukichoka unabadilisha kitambaa. Picha ya joho kila mtu anayo, iweke ukuta wa pembeni, sio nyuma ya kichwa chako mkutanoni, watu watakua wanatazama kofia. Kalenda za maofisi ziwe moja.

Maua ya plastiki sitayatetea. Sneki planti au mshubiri vinavumilia siku nyingi bila maji, na majani yake mapana unayafuta kwa kitambaa kimoja. Vitabu ukiweza viweke kwenye kabati la milango ya vioo, shelfu ya wazi inapendeza zaidi kwenye picha lakini Agosti na Septemba upepo ukichachamaa utakua unafungua ukurasa unapiga chafya.

Taa zinabadilisha kila kitu nilichosema juu

Balbu nyingi zinazouzwa ni zile nyeupe kali zilizoandikwa 6500K, K hiyo inapima rangi ya mwanga, na karibu yake kuna 3000K za njano. Kali zinaua krimu na udongo, zinakua kama zimefubaa, njano nazo zinakufanya usinzie na kitabu mkononi. Tafuta 4000K, ukiulizia vizuri zipo, hiyo inaacha rangi ilivyo. Halafu usitegemee balbu ya darini peke yake, balbu ya LED ya wati 9 inatoa lumeni kama 800, chumba cha mita za mraba 9 ukigawanya hata bila kupoteza kitu haifiki lux 90, yani lumeni 90 kwa kila mita ya mraba, wakati kusoma na kuandika kwa muda mrefu vile viwango vya Ulaya vinasema lux 500 juu ya meza. Kwa hiyo taa ya mezani ni lazima, rangi yoyote utakayopiga, na ikae upande wa pili wa mkono unaoandikia.

Kiasi cha kununua

Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye ukuta wa mita 2.8, ukitoa mlango na dirisha la kawaida, unabaki na kama mita za mraba 30. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inapaka mita za mraba kama 10 kwa koti moja, koti mbili ni lita 6, galoni mbili za lita 4 zinatosha na chenji inabaki, fundi akikwambia ndoo ya lita 20 muulize anajenga wapi. Ukienda kwa mtindo wa rangi mbili, mita ya chini inataka lita 2 na kidogo, juu lita 4 hivi. Skimingi mpya ipate praima, ile rangi ya kutangulizia, kwanza, maana inakunywa koti ya kwanza yote.

Rangi ya kuchanganywa kwa mashine nunua yote siku moja duka moja, ukirudi baada ya wiki inaweza isifanane, na kile kistika chenye namba za mchanganyiko kipige picha kabla fundi hajakimwagia rangi. Inayobaki ihamishie kwenye chupa ndogo ijae mpaka juu, andika ni ya ukuta gani, weka mahali pasipo na joto la bati, utaihitaji kwenye swichi kabla ya mvua za mwakani.